Herufi na namba kwenye daftari lako: zinasema nini juu ya kidonda chako



Ukipita nje ya chumba cha vidonda asubuhi utakuta benchi limejaa. Kila mmoja ana daftari la shule mkononi, lile ambalo hapa Uganda tumelifanya kuwa daftari la matibabu. Akiingia ndani, bendeji ya juzi inafunguliwa, kidonda kinaoshwa na kufungwa upya, kisha mhudumu anaandika mstari mmoja. Mara nyingi mstari huo hauna hata neno moja la Kiswahili. Una tarehe, herufi mbili tatu, namba, na labda mshale. Mwenye daftari analikunja, analitia kwenye mfuko wa plastiki, na kurudi nyumbani.

Katika toleo hili tunataka ulitoe daftari lako katika mfuko huo, uliweke magotini, na usome pamoja nasi. Huhitaji kuwa umesoma shule ya uganga. Alama zinazotumika kwa majeraha na vidonda ni chache, na ukizijua utaweza kugundua makosa kabla hayajakuumiza.

Tuanze na jambo lililotokea. Kijana mmoja alifika hapa kutoka upande wa Kongo akiwa na jeraha pajani. Huko alikotoka alikuwa amepasuliwa, nyama iliyokufa ikaondolewa, na jeraha likaachwa wazi chini ya bendeji. Karatasi aliyopewa ilikuwa na herufi tatu chini kabisa: DPC. Karatasi hiyo ilibaki kwenye begi la kaka yake katika kituo cha mapokezi. Alipofika kwenye chumba cha vidonda (si chetu, wala hatutaki kumtaja mtu) mhudumu aliona jeraha kubwa lililo wazi, akamhurumia, akalishona siku ileile. Siku ya tatu mguu ulivimba mpaka gotini, homa ikapanda, na nyuzi zote zikabidi kukatwa usiku. Kijana alipona, lakini alikaa hospitali kwa wiki kadhaa kwa ajili ya herufi tatu zilizobaki kwenye begi.

DPC maana yake ni hii: jeraha limeachwa wazi kwa makusudi, lishonwe baada ya siku kadhaa, kwa kawaida kati ya siku ya 4 na ya 7, kama litaonekana safi. Majeraha ya risasi, ya vipande vya bomu na ya bomu la ardhini huachwa hivyo, kwa sababu uchafu, vipande vya nguo na nyama iliyopondeka huingia ndani sana. Ukilifunga mapema unafungia usaha ndani. Jeraha la kung'atwa na mbwa pia kwa kawaida halishonwi papo hapo, na jipu lililopasuliwa halishonwi. Basi ukiona jeraha lako limeachwa wazi, usidhani umepuuzwa. Uliza: "Hili linashonwa lini?" Na jibu liandikwe.

KWA NINI WASIANDIKE MANENO TU?

Swali hili tunaulizwa mara nyingi, na ni la haki. Sababu ya kwanza ni haraka: mhudumu mmoja anafunga vidonda vingi kwa asubuhi moja. Ya pili ni lugha. Karatasi za Kongo zimeandikwa Kifaransa, za Uganda Kiingereza, na sisi wenyewe tunazungumza Kiswahili, Kinyabwisha, Kihema na nyingine nyingi. Namba haina kabila wala lugha. S81 iliyoandikwa Bunia ni S81 ileile ikifika Mbarara.

Sababu ya tatu ni kuhesabu. Mwisho wa mwezi madaftari makubwa ya kituo yanajumlishwa: majipu mangapi yamepasuliwa, majeraha mangapi yameshonwa, walioungua wangapi. Hesabu hiyo ndiyo inayoagiza shashi, nyuzi, glavu na dawa ya kuoshea. Kama majipu yote yameandikwa "kidonda" tu, watu wa bohari hawaoni sababu ya kuleta visu vya kupasulia. Shashi zinapokwisha tarehe 20, mara nyingine chanzo ni lori lililochelewa, lakini mara nyingine ni uandishi wa mwezi uliopita. Tunasema hivyo ingawa inatugusa sisi wenyewe.

NAMBA ZA UGONJWA NA NAMBA ZA KAZI

Hapa ndipo watu wengi, hata baadhi ya wahudumu, huchanganya mambo. Kuna alama zinazosema una nini, na kuna alama zinazosema umefanyiwa nini. Ni vitu viwili. Mtu anaweza kuwa na jeraha la mguu (hilo ni moja), akaoshwa tu, au akashonwa, au akakatwa nyama iliyokufa, au akawekewa ngozi (hayo ni mengine). Daftari lililoandikwa vizuri lina zote mbili. Ukikuta "S81" peke yake, unajua mguu umeumia lakini hujui umetibiwaje. Ukikuta "kushonwa" peke yake, anayekuona kesho hajui kama ulikatwa na panga au ulianguka na baiskeli.

Namba za ugonjwa zinatoka kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani. Chanzo chake ni orodha ya sababu za vifo iliyotayarishwa na Mfaransa Jacques Bertillon, ikapokewa na wanatakwimu huko Chicago mwaka 1893. Shirika la Afya Duniani liliichukua mwaka 1948, likaongeza magonjwa yasiyoua na majeraha. Toleo la 10 lilipitishwa mwaka 1990, na ndilo utakaloliona kwenye karatasi nyingi. Toleo la 11 lilianza rasmi tarehe 1 Januari 2022, lakini nchi zinahamia polepole, kila moja kwa wakati wake.

Sasa angalia jinsi toleo la 10 lilivyopangwa kwa majeraha, maana limepangwa vizuri sana na unaweza kulisoma mwenyewe. Herufi S ni kuumia. Tarakimu ya kwanza baada yake ni sehemu ya mwili, kuanzia juu kwenda chini kama mtu anavyojiosha: 0 ni kichwa, 1 shingo, 2 kifua, 3 tumbo na kiuno na mgongo wa chini, 4 bega na mkono wa juu, 5 mkono chini ya kiwiko, 6 kiganja na vidole, 7 nyonga na paja, 8 goti na mguu wa chini, 9 kifundo na wayo. Tarakimu ya pili ni aina ya madhara: 0 ni mchubuko wa juu juu, 1 ni jeraha la wazi, 2 ni mfupa kuvunjika, 8 ni kiungo kukatika.

Kwa hiyo S81 ni jeraha la wazi la mguu chini ya goti. S61 ni jeraha la wazi la mkono, sehemu ya kiganja au vidole. S01 ni la kichwani. S52 ni mfupa wa mkono uliovunjika kati ya kiwiko na kiganja. Mtu aliyekatwa vidole na mashine ya kusaga ataandikiwa S68. Jaribu na daftari lako sasa. Kama mguu ndio uliokatwa na jembe na umeandikiwa S61, mwambie mhudumu asahihishe. Hatachukia. Na kama atachukia, mwambie tu kwamba umesoma karatasi hii.

Upande wa kushoto au wa kulia haumo katika namba hizi za toleo la 10, kwa hiyo lazima uandikwe kwa maneno. Hakikisha hilo hasa kama unapelekwa kupasuliwa.

Si kila kidonda kinaanza na S. Kiswahili chetu kinatenganisha jeraha, ambalo limeletwa na kitu kilichokupiga au kukukata, na kidonda, ambacho kinaweza kuota chenyewe au kukaa miezi kikikataa kupona. Orodha inafanya hivyohivyo. Jipu ni L02. Kidonda cha mguu cha muda mrefu huandikwa L97. Kuungua kwa nje ya mwili kuko kati ya T20 na T25, kulingana na sehemu iliyoungua, na T31 inaongezwa kueleza ni kiasi gani cha mwili kimeungua. Pepopunda ya mtu mzima ni A35, na hiyo hatutaki kuiona kwenye daftari la mtu yeyote.

Ukipata karatasi yenye herufi N mwanzoni kwa ajili ya jeraha, kama NC ikifuatwa na tarakimu, hilo huenda ni toleo la 11. Usijaribu kulisoma kwa kanuni tuliyotoa hapa juu. Halifuati mpango ule.

MANENO MAFUPI YA CHUMBA CHA VIDONDA

Tukija kwenye kazi yenyewe, yaani ulichofanyiwa, vituo vyetu havitumii sana namba. Vinatumia vifupisho. Hivi ndivyo utakavyovikuta.

I&D ni kupasua jipu na kutoa usaha. Baada ya hapo tundu huachwa wazi, na mara nyingi hujazwa kipande cha shashi ili lisifunge juu kabla ya kupona chini. STS ni kuosha jeraha na kulishona. ROS ni kutoa nyuzi. SSG ni kuwekewa ngozi nyembamba iliyochukuliwa sehemu nyingine ya mwili wako, kwa kawaida paja. Ukiona hiyo ujue una vidonda viwili vya kutunza, cha zamani na cha pale ngozi ilipotolewa, na cha pili ndicho huuma zaidi siku za kwanza. POP ni plasta ngumu ya mfupa.

Neno linaloleta shida kuliko yote ni lile la kuondoa nyama iliyokufa. Kwenye karatasi za Kongo utalikuta limeandikwa "parage". Wengine hapa huandika "kusafisha kidonda", na hapo ndipo kosa linapoingia. Kuosha kwa maji safi na shashi ni kazi moja. Kukata kwa kisu au mkasi nyama nyeusi, isiyotoa damu na isiyo na maumivu, mpaka kufika kwenye nyama yenye uhai, ni kazi nyingine kabisa. Inahitaji ganzi, wakati mwingine usingizi, na ina hatari ya kutoka damu. Zote mbili zikiandikwa "kusafisha", daktari wa hospitali ya rufaa hawezi kujua kama ndani bado kuna nyama iliyokufa. Ataanza upya. Wewe utakatwa mara ya pili bila sababu, au hutakatwa wakati ulipaswa kukatwa.

Mambo matatu yanapaswa kuandikwa kila mara nyama inapokatwa: upana wa kidonda kwa sentimita, kina chake (ngozi, mafuta chini ya ngozi, msuli, au mfupa), na kama kimeachwa wazi au kimefungwa. Ukiona mhudumu anapima kwa rula ya karatasi, mwache apime. Kidonda kilichokuwa sentimita 6 wiki iliyopita na leo ni 5 kinapona. Kilichokuwa 6 na leo ni 7 hakiponi, hata kama kinaonekana chekundu na kizuri machoni.

Jambo la nne ni shashi iliyoachwa ndani. Kama kidonda chako ni kirefu na kimejazwa, idadi ya vipande iandikwe, kwa mfano "pack x2". Anayekufungua kesho atoe viwili. Akitoa kimoja, mwambie. Kipande kikisahaulika ndani, kidonda hutoa harufu na usaha na hakifungi hata upewe dawa gani. Orodha ya dunia ina namba yake ya jambo hilo, T81.5, kitu kilichosahauliwa mwilini baada ya matibabu, jambo linaloonyesha kwamba linatokea hata kwenye hospitali kubwa. Usione haya kuuliza: "Ndani mmeweka vipande vingapi?"

3/7 SI TAREHE

Mama mmoja alishonwa mkono mwezi wa tano. Kwenye daftari akaandikiwa arudi 3/7 kubadilishiwa bendeji. Alitunza kidonda vizuri, hakukilowesha, na alirudi kwa uaminifu tarehe 3 mwezi wa saba. Nyuzi zilikuwa zimezama kwenye ngozi na kulitoa kila moja ilikuwa ni kuchimba.

Hakukosea yeye. Alisoma kama mtu yeyote angesoma. Waganga wanaandika muda kwa namna yao: namba ya chini ikiwa 7, wanahesabu siku, ikiwa 52, wanahesabu wiki, ikiwa 12, wanahesabu miezi. Kwa hiyo 3/7 ni siku tatu, 2/52 ni wiki mbili, 1/12 ni mwezi mmoja. Tumewaomba wahudumu waandike tarehe kamili na siku ya juma. Mpaka wote wazoee, wewe uliza kabla ya kutoka mlangoni: "Ni siku gani ya juma?"

Kwa kawaida nyuzi za usoni hutolewa mapema, siku ya 5 hivi. Za kichwani siku ya 7 hadi 10. Za mguuni na za sehemu inayokunjwa kama goti zinakaa siku 10 hadi 14. Ukipewa siku zilizo mbali sana na hizi, inaweza kuwa kuna sababu, lakini uliza.

KAMA ULIPASULIWA NA MSALABA MWEKUNDU

Baadhi yenu mlitibiwa na madaktari wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, CICR kama wanavyoitwa Kongo. Madaktari wao wa upasuaji wamefanya kazi katika hospitali ya CBCA Ndosho mjini Goma tangu mwaka 2012. Shirika hilo lina alama zake kwa majeraha ya vita, na huenda karatasi yako inazo. Ziliandaliwa na daktari wao Robin Coupland mwanzoni mwa miaka ya 1990, ili daktari wa vita vya nchi moja aelewane na wa nchi nyingine bila kuandika ukurasa mzima.

Ni herufi sita. E ni upana wa tundu la kuingilia kwa sentimita. X ni upana wa tundu la kutokea. Kama risasi haikutoka, X ni 0. C inaeleza kama ndani kuna pango: kabla ya upasuaji, vidole viwili vikiingia ni C1, visipoingia ni C0. F ni mfupa: F0 haukuvunjika, F1 umevunjika kidogo, F2 umesagika. V ni sehemu za uhai: V0 maana yake hazikuguswa. Ikiwa ziliguswa, kwenye karatasi za zamani utaona V1. Kwenye za baadaye V hufuatwa na N kwa ubongo au uti wa mgongo, T kwa kifua, A kwa tumbo, H kwa mshipa mkubwa wa damu. M ni chuma kilichoonekana kwenye picha: M0 hakuna, M1 kipande kimoja, M2 vipande vingi.

Tuseme karatasi yako inasema E1 X4 C1 F0 V0 M0. Risasi iliingia kwa tundu la sentimita 1, ikatoka kwa tundu la sentimita 4, ndani ikafanya pango, mfupa haukuguswa, na hakuna chuma kilichobaki. Jumla ya matundu ni 5, chini ya 10, lakini pango lipo: hilo ni jeraha la daraja la 2. Bila pango lingekuwa daraja la 1. Matundu yakifika jumla ya 10 au zaidi, na pango lipo, ni daraja la 3, la nguvu kubwa.

Hivi vinakusaidia nini leo, jeraha likiwa limeshafunga? Hasa M. Watu wengi huja wakidai chuma kitolewe, wakidhani kilisahauliwa. Vipande vidogo vilivyo mbali na kiungo na mshipa kwa kawaida huachwa, kwa sababu kuvitafuta kunakata nyama nzima na kuleta madhara kuliko kipande chenyewe. Lakini lazima ijulikane kwamba kimo. Siku ukipelekwa kwenye ile mashine ya kupiga picha kwa sumaku, jambo la kwanza kusema ni kwamba una chuma mwilini. Na F2 ikiwa kwenye karatasi yako, maumivu yanayorudi au tundu linalotoa usaha baada ya miaka si "baridi yabisi". Mfupa unaweza kuwa na ugonjwa. Njoo na karatasi.

NAMBA ISIYOPENDWA

Kuna namba moja ambayo hospitali haifurahii kuiandika: T81.4. Maana yake ni kwamba jeraha la upasuaji limeingia vijidudu baada ya matibabu. Ndugu yake ni T81.3, mshono umeachia. Tunachokiona mara nyingi ni hiki: mgonjwa anaruhusiwa kwenda nyumbani akiwa mzima, baada ya siku chache mshono unakuwa wa moto, unatoa maji, kisha usaha.

Mhudumu anaweza kushawishika kuandika "kidonda cha tumbo" tu. Si lazima awe na nia mbaya. Anaogopa ataonekana analaumu wenzake. Lakini namba hiyo si hukumu ya mtu. Ikionekana mara tatu katika muda mfupi kutoka chumba kilekile cha upasuaji, mtu anakwenda kuangalia chungu cha kuchemshia vyombo, maji ya kunawia na jinsi shashi zinavyotunzwa. Ikifichwa, mgonjwa wa nne naye anaumwa. Kwa hiyo ukiwa umepasuliwa na mshono ukaharibika, sema wazi ulipasuliwa lini na wapi, hata kama unarudi kwenye kituo kingine. Usiseme tu "nina kidonda".

SINDANO YA PEPOPUNDA

Karibu na alama ya jeraha tafuta TT au Td. Ni sindano ya kinga ya pepopunda. Td ina kinga ya dondakoo pia. Kama hukumbuki kuchomwa na hakuna maandishi, utachomwa. Kina mama, kadi yenu ya kliniki ya wajawazito ina hesabu ya sindano hizi, ije nayo hata kama umekuja kwa ajili ya kidole. Sindano ya pili inafuata baada ya wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6. Moja peke yake haitoshi. Kwa aliyeng'atwa na mbwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kabla hata hujatafuta daftari, kisha kimbia kituoni kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa.

WENZETU WALIOKWENDA MAREKANI

Wapo ndugu waliohamishiwa huko miaka iliyopita ambao hupiga simu wakiuliza juu ya bili za kidonda. Huko mambo ni tofauti: namba ya kazi ndiyo bei. Wanatumia orodha ya chama cha madaktari wa Marekani iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1966, yenye tarakimu tano. Kuondoa nyama iliyokufa mpaka kwenye mafuta chini ya ngozi ni 11042, mpaka kwenye msuli ni 11043, mpaka kwenye mfupa ni 11044, kila moja kwa sentimita za mraba 20 za kwanza. Eneo likizidi, inaongezwa namba nyingine.

Kanuni inayowapita wengi ni hii: kinachohesabiwa ni kina cha nyama iliyoondolewa, si kina cha kidonda. Mfupa ukionekana chini ya kidonda lakini daktari akakata mafuta tu, namba ni 11042. Ndugu yako akipata bili yenye 11044 na anajua mfupa wake haukuguswa, ana haki ya kuomba maandishi ya daktari wa siku hiyo na kulinganisha. Hapa kwetu vituo vya serikali havitozi, na namba haina bei. Mtu akikuambia ulipie alama fulani kwenye daftari, mwambie kiongozi wa kijiji chako au shirika.

DAFTARI NI LAKO

Kuna namba nyingine zinazosema sababu ya kuumia: W54 ni mbwa, X99 ni kushambuliwa na mtu kwa kitu chenye makali. Zipo pia za kupigwa nyumbani na za kubakwa. Ndiyo maana hatupendi kuona daftari linapitishwa foleni nzima ili "liwekwe kwenye mstari". Sasa majirani wengi wamesoma karatasi hii, nao wanaweza kusoma. Weka jiwe au kandambili kwenye mstari, daftari likae mkononi. Kama hutaki sababu iandikwe kwenye daftari unalorudi nalo nyumbani, mwambie mhudumu. Inaweza kuandikwa kwenye daftari la kituo peke yake.

Ukihamishiwa hospitali ya rufaa, usiondoke na barua tu. Chukua na daftari la zamani, hata likiwa limejaa na limechakaa. Usinakili namba mwenyewe kwenye daftari jipya. 1 na 7 hubadilishana upesi. Mwombe mhudumu anakili na kuweka sahihi yake. Daftari likilowa mvua, lianike kivulini kurasa zikiwa zimefunguliwa, si juani wala juu ya jiko, maana wino unaweza kupauka. Na likishakauka lete hilohilo.